Siri ya Mtungi: Neno la Mke Mbele ya Baraza katika Nchi ya Babati

Haki ya mtu aliyeonewa husimama juu ya miguu miwili. Mguu wa kwanza ni amri inayoikataza dhuluma. Wa pili ni ushahidi unaomwonyesha dhuluma ile mwamuzi ambaye hakuwapo ilipotendeka. Amri ikikosa ushahidi huchechemea, na katika jambo la mke apigwaye nyumbani amri yetu imechechemea muda mrefu. Dhuluma nyingi hutendeka njiani, sokoni au shambani, mahali penye macho ya watu. Hii hutendeka ndani, mlango umefungwa, na aghalabu shahidi wake ni mmoja tu, naye ndiye aliyeumizwa. Wahenga walisema kuwa siri ya mtungi aijuaye kata. Basi swali la insha hii ni hili: katika nchi inayouzunguka mji wa Babati, neno la kata lilipokewaje na mabaraza ya zamani, na lapokewaje leo?

Mji wa Babati umekaa kando ya ziwa lenye viboko, karibu na mlima Kwaraa, mahali ambapo barabara itokayo Arusha hugawanyika, tawi moja likishika njia ya Kondoa na Dodoma, na la pili likielekea Singida. Wagorowa ndio wenyeji wa kale wa mahali hapa. Jirani zao ni Wairaqw wa nyanda za juu za Mbulu, Wambugwe wa bonde la kaskazini, Warangi wa upande wa Kondoa, na Wabarabaig, wafugaji wa nchi ya mlima Hanang. Zamani za Waingereza nchi hii ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu katika Jimbo la Kaskazini; baada ya uhuru iliingia katika Mkoa wa Arusha; na mwaka 2002 ulipozaliwa Mkoa wa Manyara, Babati ikawa makao yake makuu. Katika mji wa namna hii desturi nyingi hukutana, na kila moja huja na fikira yake juu ya mipaka ya mkono wa mume. Kwa hiyo ni mahali pafaapo kuichungulia historia tunayoitafuta.

Tuanze na Wabarabaig, kwa kuwa kwao limeandikwa jambo ambalo wasomaji wengi wa sheria hawalitazamii. George Klima, mtaalamu wa Kimarekani wa mila na jamii, aliandika mwaka 1964 katika jarida la Africa, na tena katika kitabu chake cha mwaka 1970, habari za mkutano wa wanawake walioolewa uitwao girgwageda gademga. Mkutano huu ulikuwa baraza kweli, wala haukuwa mazungumzo ya kisimani. Mwanamume aliyewakosea wanawake, hasa katika mambo yanayogusa uzazi na heshima ya mama, aliweza kuitwa mbele yake, kusomewa kosa lake, kujibu, na kuhukumiwa. Adhabu iliyojulikana sana ilikuwa ni kutoa dume la ng'ombe, likachinjwa na kuliwa na wanawake wenyewe. Aliyekataa kulipa aliingia katika hatari ya laana, na laana ya akina mama ilikuwa ni kitu ambacho mwanamume mwenye mifugo na watoto hakukithubutu.

Tukiutazama mkutano huu kwa jicho la mtu anayepima ushahidi, twaona mambo mawili. La kwanza, waamuzi walikuwa ni watu walioujua undani wa nyumba. Mwanamke aliyeeleza alivyotendewa katika siku zake za uzazi alisikilizwa na wanawake waliokwisha kuzaa. Hakulazimika kuwafafanulia wageni maana ya maumivu yake. La pili, neno lake halikudharauliwa kwa sababu lilikuwa la mwanamke, maana baraza zima lilikuwa la wanawake. Kata ilisema mbele ya kata nyingine.

Hata hivyo, haifai kuipamba zamani kupita kiasi. Mkutano ule haukukataza kila fimbo. Uliadhibu tendo lililovuka mpaka, na mpaka wenyewe uliwekwa na desturi iliyomkubalia mume mamlaka makubwa juu ya mke. Tena nguvu yake ilitegemea ujirani: wanawake waliokaa karibu, waliofahamiana, na walioweza kukutana upesi. Maisha hayo ya ujirani yalitikiswa tangu miaka ya 1970, wakati mashamba makubwa ya ngano yalipoanzishwa katika malisho ya Hanang na wafugaji wengi wakalazimika kuhama. Mwanamke aliyehamia mji wa wageni alibeba desturi yake, lakini hakuweza kulibeba baraza lake.

Serikali ya Kiingereza ilikuja na mpango mwingine. Kwa sheria ya mwaka 1929 mabaraza ya wenyeji yalipewa mamlaka ya kuamua kesi kwa mila, chini ya uangalizi wa maofisa wa wilaya. Waamuzi wake walikuwa machifu na wazee, yaani wanaume. Mke aliyetaka kumshtaki mumewe alisimama sasa mbele ya watu waliokuwa waume wenyewe, na ambao wengi wao waliiona fimbo ya nyumbani kuwa ni sehemu ya malezi ya ndoa. Pembeni ya mabaraza hayo zilikuwapo mahakama za serikali zilizofuata Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, na baadaye Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika mwaka 1945. Kanuni ile iliadhibu shambulio la kudhuru mwili bila ya kumtoa mume katika hukumu yake. Lakini nani katika vijiji vya Ufiome au Mbugwe angeacha baraza la wazee, akaenda kumtafuta hakimu wa Kiingereza kwa ajili ya jicho lililovimba? Amri ilikuwako, ushahidi ulikuwako usoni pa mwanamke, ila njia ya kuvikutanisha ilikuwa ndefu.

Uhuru ulifupisha njia hiyo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliziunganisha mahakama zote katika ngazi moja, na mahakama ya mwanzo ikawa mlango wa raia wa kawaida, lugha yake Kiswahili, na kanuni zake za ushahidi, zilizotolewa mwaka 1964, zikawa nyepesi kuliko zile za mahakama za juu. Mwaka uo huo wa 1963 serikali ilitangaza pia mkusanyo wa sheria za mila, kazi iliyotokana na juhudi ya Hans Cory. Mkusanyo huo ulisaidia kuondoa utata, lakini ulikuwa na upungufu mmoja: mila yaliyoulizwa kwa wazee yaliandikwa kama wazee walivyoyaona. Kikao kama kile cha wanawake wa Kibarabaig hakikupata ukurasa wake katika sheria ya nchi.

Mwaka 1969 serikali ilitoa Waraka wa mapendekezo juu ya sheria ya ndoa ili wananchi waujadili, na baada ya majadiliano makali Sheria ya Ndoa ilitungwa, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 1971. Kifungu chake cha 66 ni kifupi, na uzito wake ni mkubwa. Chatangaza kwamba, hata kama mila yasema vingine, mtu hana haki ya kumpa mwenziwe wa ndoa adhabu ya mwili. Kwa maneno hayo machache mabishano ya mabaraza mengi yalifungwa: Mgorowa, Mwiraqw, Mrangi na Mbarabaig, Mwislamu na Mkristo, wote waliwekwa chini ya neno moja. Kadhalika sheria ile iliutaja ukatili, wa mwili au wa moyo, kuwa ni miongoni mwa mambo ambayo mahakama yaweza kuyatazama ili kukubali kuwa ndoa imevunjika.

Lakini kifungu cha 66 kilikataza bila ya kutaja adhabu. Mke aliyepigwa alibaki na njia mbili: kwenda polisi kwa Kanuni ya Adhabu, au kwenda kuomba talaka. Na kwa njia ya talaka sheria iliweka kizingiti: isipokuwa kwa sababu maalumu, shauri lazima lipite kwanza katika baraza la usuluhishi wa ndoa. Mabaraza hayo yako katika kata, na mengine ni ya madhehebu ya dini. Nia yake ni njema, kwa kuwa ndoa haipaswi kuvunjwa kwa hasira ya siku moja. Ila hapa ndipo historia yetu inapofikia fundo lake.

Usuluhishi na ushahidi ni ndugu wasiopatana daima. Msuluhishi hutaka jambo lisahaulike. Hakimu hutaka jambo likumbukwe. Msuluhishi huwaambia watu wawili kuwa wagombanao ndio wapatanao, akawapeleka nyumbani. Na mara nyingi haandiki cho chote, kwa kuwa kuandika huonekana kama kutunza kinyongo. Jeraha hupona, shati lililochanika hufuliwa, jirani aliyesikia yowe huhamia Katesh au Magugu. Mke akirudi mara ya tatu, ameletwa na kipigo kikubwa zaidi, mbele ya sheria huonekana kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Nayo sheria yenyewe haikutaka iwe hivyo. Imeagiza kwamba baraza likishindwa kupatanisha litoe cheti chenye maelezo ya yale liliyoyaona, na cheti hicho kiambatanishwe na maombi ya talaka kikiwa hakijapita miezi sita. Imelipa baraza ruhusa ya kuongeza mapendekezo juu ya matunzo, watoto na mali. Cheti kilichoandikwa kwa makini ni shahidi asiyehama wala kuogopa. Kilichoandikwa kwa mstari mmoja, kwamba wawili hawa wameshindwa kupatana, kimeinyima mahakama ushahidi uliokuwa mikononi mwa baraza.

Watu wengi hudhani kwamba mke aliye peke yake hana ushahidi. Dhana hii ni ya makosa, na yafaa ijulikane hivyo. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, iliyochukua mahali pa ile ya India, yasema kuwa hapana idadi maalumu ya mashahidi inayotakiwa ili jambo lithibitike. Shahidi mmoja aaminikaye aweza kutosha. Sheria hiyo yakubali pia maneno na matendo yaliyofungamana na tukio lenyewe. Kwa hiyo jirani aliyekimbilia yowe na kumkuta mwanamke akivuja damu, akilitaja jina la aliyempiga, ana la kusema mahakamani ingawa hakuiona fimbo. Mtoto wa nyumba ile naye aweza kusikilizwa: kwa mabadiliko ya mwaka 2016 mtoto wa umri mdogo aweza kutoa ushahidi bila ya kiapo, kwa kuahidi kusema kweli.

Liko na jambo la mke kuwa shahidi juu ya mumewe. Kwa kawaida mke au mume hawezi kulazimishwa na upande wa mashtaka kumshuhudia mwenziwe. Lakini sheria yetu imetoa kesi ambamo kosa limegusa mwili au mali ya mke mwenyewe, au watoto. Humo aweza kuitwa na kutakiwa aseme. Uingereza, ambayo tulirithi kwake fikira nyingi za ushahidi, ilisumbuka na swali hili: mwaka 1978 mahakama yake ya juu kabisa iliamua kuwa mke aliyejeruhiwa na mumewe hawezi kulazimishwa kushuhudia, mpaka Bunge lake likaigeuza kanuni hiyo mwaka 1984. Wako wasemao kuwa kumlazimisha mke ni kumwongezea mzigo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mke asiyeweza kulazimishwa hubaki kuwa mtu wa kushawishiwa na kutishwa na ukoo mzima ili anyamaze. Anayeitwa na sheria aweza kuwajibu jamaa zake kuwa hakwenda kwa hiari. Tatizo ni kwamba sheria nyingine yafungua mlango wa pili: katika shambulio la kawaida mahakama yaruhusiwa kuhimiza mapatano kama manufaa ya umma hayadai adhabu. Hivyo kesi iliyovuka kizingiti cha wazee yaweza kurudishwa kwa wazee.

Shahidi mwingine mkubwa ni fomu ya polisi ambayo watu wote huiita PF3. Aliyeumizwa huichukua kituoni, huenda nayo hospitali, na mganga huandika humo alichokiona: jeraha liko wapi, ukubwa wake, na kitu gani huenda kimelifanya. Kwa mtu wa Babati mjini safari hii si ndefu. Kwa mtu wa vijiji vya mbali ni siku nzima, na jeraha halimngojei mtu. Tena karatasi hii yataka kutunzwa kwa kanuni. Mahakama ya Rufani imeiondoa PF3 mara nyingi katika kesi mbalimbali, ama kwa sababu haikusomwa kwa sauti baada ya kupokewa, ama kwa sababu mshtakiwa hakuelezwa haki yake ya kutaka mganga aitwe ahojiwe. Kanuni hizo zamlinda mshtakiwa, na ni za haki. Ila kosa la karani au mwendesha mashtaka hulipwa na mwanamke. Ndiyo maana ushahidi wa mdomo wa mganga, wa jirani na wa mlalamikaji mwenyewe haupasi kuachwa kwa kutegemea karatasi peke yake.

Nami kama mtu wa lugha siwezi kulipita jambo la maneno. Kwa miaka mingi masikitiko ya mwanamke wa nchi hii yalisafiri safari ya lugha tatu. Aliumia kwa Kigorowa, Kiiraqw au Kidatooga. Akaeleza kwa Kiswahili kituoni. Na hakimu wa mahakama ya juu akaandika kwa Kiingereza. Katika kila kivuko kitu kilizama. “Alinipiga” ya Kiswahili yaweza kuwa kofi moja au usiku mzima wa mateso. Afisa asiyeuliza zaidi huandika neno moja, na neno hilo moja ndilo litakaloshindaniwa miaka miwili baadaye. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama katika ngazi zote. Kivuko kimoja kimepungua. Kilichobaki ni kazi yetu sisi wa vyuo: kuwapa polisi, waganga na makarani Kiswahili cha kutosha kuyatenganisha maumivu na maumivu.

Yako mapengo ambayo ushahidi hauwezi kuyaziba. Sheria ya mwaka 1998 juu ya makosa ya kujamiiana iliimarisha neno la aliyetendewa, na mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba ushahidi wa kweli wa kosa la kubakwa hutoka kwake. Lakini sheria ile ile haimhesabu mume kuwa ametenda kosa hilo juu ya mkewe, ila kama wametengana. Uganda ilitunga sheria maalumu ya ukatili wa nyumbani mwaka 2010, na Kenya mwaka 2015; Tanzania Bara haina sheria moja ya namna hiyo. Amri ya kumzuia mume asimsumbue mke imo katika Sheria ya Ndoa, lakini imefungwa na shauri la ndoa. Asiyetaka talaka, anayetaka tu kulala usiku bila ya hofu, hana mlango wake mwenyewe.

Hata hivyo, nyakati zimesogea. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba wanawake 40 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamepata kupigwa tangu walipofika miaka 15; uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta 27. Vituo vya polisi vina madawati ya jinsia na watoto. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao wengi hufanya kazi vijijini. Sheria ya mwaka 2015 juu ya miamala ya kielektroniki imekubali kuwa ujumbe na picha za simu ziweze kuwa ushahidi, mradi uhalisi wake uonyeshwe. Kwa hiyo tishio lililoandikwa usiku halifai kufutwa asubuhi. Na Mahakama Kuu, ambayo zamani watu wa nchi hii waliifuata Arusha, sasa hukaa Babati.

Huenda mtu akauliza kama bidii hii ya kukusanya ushahidi haitawaponza waume wasio na hatia. Jibu ni kwamba ushahidi uliotunzwa vizuri humlinda msingiziwa kama umlindavyo mwonewa. Tarehe iliyoandikwa, jeraha lililopimwa, jirani aliyehojiwa siku ile ile: hayo humwumbua mwongo wa upande wo wote. Anayenufaika na giza ni mwenye kosa peke yake.

Kutokana na historia hii twapata masomo mawili yaliyotengana kwa bahati mbaya. Wanawake wa Hanang walikuwa na baraza la karibu, lililokutana upesi na kulijua neno la mwenzao. Lakini halikuandika, na mpaka wake ulikuwa mfinyu. Dola imeleta amri pana na maandishi; lakini iko mbali, na hufika jeraha limekwisha kupona. Kinachotakiwa ni kuyaunganisha hayo katika mahali padogo kabisa, yaani meza ya baraza la usuluhishi la kata. Baraza hilo liwe na wanawake wenye sauti. Lisikilize siku ile ile. Liandike alichosema mke na alichosema mume, kwa maneno yao wenyewe, likampe kila mmoja nakala. Tena penye damu lisiite mapatano kabla ya kumpeleka aliyeumia polisi na hospitali. Hayo hayahitaji Bunge wala fedha nyingi. Yahitaji daftari, kalamu, na mwandishi anayefahamu kuwa karatasi yake huenda ikawa ndiyo shahidi wa pekee atakayekuwapo siku ambayo mwanamke yule hataweza tena kujisemea.